Gosset, mutu wa pombe aliyeacha hesabu inayosaidia kusoma jeni

Ku labo nyingi za dunia, watafiti wanapima namna jeni zinafanya kazi ndani ya mwili wa mugonjwa, kisha wanalinganisha na mwili wenye afya. Hesabu moja wanayotumia inaitwa ya Student. Hilo halikuwa jina la kweli. Mwenyewe aliitwa William Sealy Gosset, na kazi yake ilikuwa ku kiwanda cha pombe.

Alizaliwa tarehe 13 juni 1876 ku Canterbury, Uingereza, akasoma shimi na matematiki ku Oxford. Mwaka wa 1899 kampuni Guinness ilimuajiri ku Dublin, Irlandi. Kule alikuta shida: kila jaribio la shayiri lilikula pesa na wakati, kwa hiyo vipimo vilikuwa vichache sana. Lakini hesabu za wakati ule zilitaka vipimo vingi. Ukizitumia juu ya vinne ao vitano, unajiona uko na hakika, kumbe hapana.

Mwaka wa 1906 alienda London, kusoma kwa profesa Karl Pearson. Alichukua vipimo vya wahalifu 3000, akaviandika ku vikaratasi, akavichanganya sawa karata, kisha akavigawanya vinne vinne: makundi 750. Ndipo aliona kama hesabu yake mupya inakubaliana na mambo yenyewe. Ilitoka mwaka wa 1908 ku jarida Biometrika. Juu kampuni haikutaka wafanyakazi watangaze utafiti kwa majina yao, alitia jina Student. Ronald Fisher, mutaalamu mwingine wa Uingereza, aliithibitisha na kuipanua.

Gosset alifariki tarehe 16 oktoba 1937, akiwa bado mufanyakazi wa Guinness.

Leo ile shida yake imerudi kwa nguvu. Mutu ana jeni karibu 20 000, lakini mara nyingi watafiti wako na wagonjwa wachache tu wa kupima. Wakikubali kukosea mara 5 kwa 100, jeni karibu 1000 zinaweza kuonekana zimebadilika, kumbe ni bahati tu. Kwa hiyo wataalamu wameongeza hesabu zingine juu ya ile ya Gosset, ili mugonjwa asipewe dawa ya jeni isiyo na kosa.