Sidi Mubarak Bombay: Aliyevuka bara kwa miguu bila kupotewa na usingizi

Leo tunamkumbuka mtu aliyepita Tabora zaidi ya mara moja na misafara: Sidi Mubarak Bombay. Maisha yake yanatusaidia kuelewa kwa nini anayepanda ndege kwenda mashariki hukosa usingizi kuliko anayekwenda magharibi.

Bombay alizaliwa Uyao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji, mnamo 1820 hivi. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kupelekwa Gujarat, India. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Jina lake linatokana na mji unaoitwa Mumbai leo.

Mwaka 1857 aliandamana na Burton na Speke. Msafara uliondoka pwani mwezi Juni, ukafika Kaze, hapa Tabora, Novemba 7. Jua huchomoza Tabora kama dakika 25 baada ya Bagamoyo, ingawa saa zetu ni moja. Dakika hizo zikigawanywa kwa miezi minne, mwili hauzihisi kabisa.

Mwaka 1860 alikwenda na Speke na Grant kuelekea chanzo cha Nile, na 1871 na Stanley hadi Ujiji. Machi 1873 aliondoka Bagamoyo na Cameron, wakapita Tabora, na Novemba 1875 wakafika bahari ya Atlantiki, Angola. Tofauti ya jua kati ya pwani hizo mbili ni kama saa 1 na dakika 40. Wao waliimaliza kwa miaka zaidi ya miwili na nusu, ndege huimaliza kwa saa chache.

Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna saa ya mwili. Huongozwa na mwanga, na kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Ukienda magharibi siku inarefuka; unachelewa kulala, jambo ambalo mwili hulikubali upesi. Ukienda mashariki unatakiwa kulala kabla usingizi haujaja. Hapo mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa inayobadilika. Anayekwenda kusini au kaskazini tu huchoka kwa safari, lakini saa ya mwili haivurugiki.

Wapo ndugu zetu wanaokwenda India kwa matibabu. Mumbai iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Huko ikiwa saa nne usiku, mwili wa mtu wa Tabora bado uko saa moja na nusu jioni. Akikesha siku mbili za kwanza, asidhani ugonjwa umezidi. Atoke kwenye mwanga asubuhi, apunguze mwanga wa simu usiku, na siku kadhaa kabla ya safari aanze kulala mapema kidogo. Anayetumia dawa kwa saa maalumu amuulize daktari kabla ya kuondoka.

Bombay alitunukiwa nishani ya fedha na Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza mwaka 1876, akapewa na pensheni. Alifariki 1885. Yeye alitembea polepole, jua likampa muda wa kuzoea. Sisi wa leo tunaopanda ndege lazima tujitafutie muda huo wenyewe.