Nahodha Aliyetua Mzigo Mmoja Mmoja

Soma: Zaburi 92:12-15, 1 Wakorintho 9:24-27, Wafilipi 4:5, 3 Yohana 1:2.

Mwezi wa Mei 1871, katika mkutano wa afya uliofanyika Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, mzee mmoja alisimama kutoa ushuhuda juu ya mwili wake mwenyewe. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu atimize miaka 79. Aliwaeleza ndugu kwamba hana maumivu mwilini, na kwamba shukrani zote ni za Mungu. Waliomfahamu wakati huo walisema alisimama wima kama nguzo na hatua zake zilikuwa nyepesi. Miezi tisa kabla ya hapo alikuwa amemzika Prudence, mke aliyekaa naye katika ndoa miaka 52.

Ushuhuda huo ulikuwa na uzito kwa sababu viongozi wengine wa kazi, waliokuwa na umri wa kuwa watoto wake, walikuwa wameanguka mmoja baada ya mwingine. James White alipatwa na kiharusi Agosti 1865, akiwa na miaka 44, kwa kufanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Joseph Bates, aliyemzidi White karibu miaka 30, alikuwa bado anazunguka akihubiri.

Tena hakuwa mtu aliyelelewa kwa ulaini. Alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, Massachusetts, akakulia Fairhaven, mahali ambapo kila kijana alitamani bahari. Akiwa karibu tu kutimiza miaka 15 alipanda merikebu kwenda London. Mwaka 1810, huko Liverpool, alikamatwa kwa nguvu na kulazimishwa kutumika katika jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipozuka kati ya Marekani na Uingereza mwaka 1812, Bates na wenzake walikataa kupigana na nchi yao, wakafanywa wafungwa wa vita. Sehemu ya kifungo hicho aliimalizia katika gereza la Dartmoor. Aliachiliwa mwaka 1815. Miaka mitano ya ujana wake ilipotea katika njaa, baridi na matusi. Mtu angetazamia mwili kama huo uchakae mapema.

Mwaka 1818 alimwoa Prudence Nye, rafiki yake wa tangu utotoni, kisha akarudi baharini na kupanda cheo hadi kuwa nahodha. Mabaharia wa siku zile waligawiwa pombe kali kama sehemu ya posho yao. Bates hakuwa mlevi, na jambo hili lafaa lishikwe vizuri, kwa maana wengi hudhani kwamba mtu huacha pombe baada ya kuanguka mtaroni. Yeye alikuwa mtu wa kiasi kwa kipimo cha wenzake. Alijiwekea sharti la glasi moja kwa siku, wakati wa chakula cha mchana. Lakini siku moja aligundua kwamba saa ya chakula inapokaribia, anaiwaza ile glasi kuliko anavyokiwaza chakula chenyewe. Hakuna aliyemkemea, wala hakuwa bado ameokoka. Aliona tu kwamba kuna kitu kimeanza kumtawala, naye nahodha hapendi kuona mtu mwingine ameshika usukani. Mwaka 1821 aliamua kutokunywa pombe kali tena, na hakuinywa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mvinyo. Kwa nahodha hili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, kwa sababu biashara ilifanyika mezani, na kukataa glasi ya mwenyeji kulihesabiwa kuwa dharau. Katika karamu za wafanyabiashara na manahodha huko Amerika Kusini alijaza maji katika glasi yake, akavumilia macho ya watu. Baadaye akatupa tumbaku aliyokuwa akiitafuna. Kufikia mwaka 1824 hata bia alikuwa ameiacha.

Yote hayo yalitangulia kuongoka kwake. Prudence, aliyekuwa mwombaji, aliweka Agano Jipya ndani ya sanduku la vitabu ambavyo mumewe angesoma safarini. Hakumhubiria, alikiweka kitabu tu. Nahodha alilikuta baharini, akaanza kulisoma, na polepole hadithi za kubuni alizokuwa akipenda zikapoteza ladha. Mwaka 1827 alibatizwa na kujiunga na kanisa la Kikristo la Fairhaven, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha kiasi hapo kijijini, mojawapo ya vyama vya kwanza vya aina hiyo nchini Marekani. Walioweka sahihi mwanzoni walikuwa watu wachache, wa kuhesabika kwa vidole.

Agosti 1827 alianza safari yake ya mwisho, akiwa na merikebu iliyoitwa Empress. Pwani ilipotoweka machoni aliwakusanya mabaharia akawasomea kanuni. Matusi yasisikike. Kila mtu aitwe kwa jina lake halisi, wala si kwa jina la kejeli. Siku ya Jumapili, ambayo bado aliihesabu kuwa siku takatifu, nguo zisifuliwe wala kushonwa, bali mabaharia wangeachiwa Jumamosi alasiri kwa kazi hiyo. Na pombe haimo merikebuni kabisa. Wengine walinung'unika, lakini safari iliendelea kwa amani, na merikebu ikarudi salama mwaka 1828. Bates alishuka nchi kavu akiwa hajatimiza miaka 36, na akiba ya zaidi ya dola 11,000, mali iliyomtosha mtu wa wakati ule kukaa na kustarehe.

Hakustarehe, wala hakukaa. Mwaka 1831 alikunywa chai kali kwenye mkusanyiko fulani, usingizi ukamkataa hadi usiku wa manane ukapita. Aliona sababu, akaacha chai, na baadaye kahawa. Mwaka 1843 aliacha nyama, kisha siagi, jibini, mafuta ya wanyama na keki nzito. Ukihesabu tangu glasi ile ya mwaka 1821, mabadiliko haya yalimchukua miaka 22. Kila tabia ilishughulikiwa kwa wakati wake, ikashika mizizi kabla ya nyingine kuguswa. Wanaojaribu kubadilisha kila kitu Jumatatu na kurudia kila kitu Ijumaa watanufaika kulitafakari jambo hilo.

Kuna jambo jingine la ajabu kwa mtu mwenye msimamo mkali hivyo. Kwa miaka ishirini baada ya kuacha nyama hakuwasumbua ndugu zake juu ya chakula. Alihubiri ujio wa Kristo, na baada ya mwaka 1845 alihubiri Sabato, lakini mezani alikula alichochagua na kunyamaza. Aliyemwuliza kwa nini hagusi siagi au nyama alijibiwa kwa upole kwamba amekwisha kula fungu lake. Ellen White alipooneshwa nuru juu ya afya huko Otsego, Michigan, mwezi wa Juni 1863, ndipo Bates, akiwa karibu kutimiza miaka 71, alipoanza kufundisha waziwazi kile alichokuwa amekiishi muda mrefu. Hakuwa na haja ya kukijaribu kwanza.

Siri nyingine ya nguvu zake ilikuwa miguu. Fedha yake yote iliingia katika kazi ya Mungu, hata nyumba akaiuza mwaka 1844, na mtu asiye na fedha hutembea. Alikwenda akihubiri kutoka mji hadi mji, mara kwa gari la moshi, mara kwa gari la farasi, na mara nyingi kwa miguu, hata katika theluji nene ya Kanada. Alipofika Battle Creek mwaka 1852, mahali asipomjua mtu hata mmoja, alikwenda posta na kuulizia mtu mwaminifu kuliko wote mjini. Akaelekezwa kwa David Hewitt. Alianza kumfundisha asubuhi, na kufikia jioni familia ya Hewitt ilikuwa imeupokea ukweli wa Sabato. Battle Creek baadaye ikawa makao makuu ya kanisa zima. Mwaka huo Bates alitimiza miaka 60.

Na ule mzigo uzeeshao watu kuliko kazi, yaani wasiwasi, nao aliutua. Mwaka 1846 alikuwa akiandika kijitabu chake juu ya Sabato wakati Prudence alipomwambia kwamba unga hautoshi kumalizia mkate. Mfukoni alikuwa na sarafu moja, isiyofika senti 13. Alikwenda dukani, akanunua ratili nne za unga, akarudi kuandika. Prudence alistaajabu kuona nahodha aliyezoea kununua kwa mapipa ameleta kifurushi, na alipoambiwa kwamba hiyo ndiyo fedha ya mwisho waliyokuwa nayo duniani, alilia. Bates alimwambia kwamba Mungu atatoa, akaendelea na kalamu yake. Baadaye akasukumwa moyoni kwenda posta. Barua ilikuwapo, lakini siku zile mpokeaji ndiye aliyelipa gharama, naye hakuwa hata na senti tano. Karani alikubali barua ifunguliwe, na ndani mlikuwa na dola 10. Pipa la unga, viazi na sukari vilifika nyumbani kabla yake, na Prudence alikuwa mlangoni akimwambia mchukuzi kwamba amekosea nyumba.

Mwaka 1858 walihamia Monterey, Michigan. Bates aliandika habari za maisha yake kwa ajili ya vijana, zikatolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti la vijana la kanisa. Prudence alipofariki Agosti 1870, rafiki walitazamia kwamba mjane huyo wa miaka 78 angejifungia ndani. Badala yake, katika mwaka 1871 aliendesha mikutano isiyopungua 100, mbali na ibada za kanisa lake la nyumbani na makusanyiko makubwa ya ndugu aliyohudhuria. Mwaka huo ndio alipotoa ule ushuhuda wa Battle Creek.

Habari zake zingeweza kukomea hapo, na mara nyingi hukomewa hapo. Lakini kuna barua ambayo Ellen White alimwandikia mwanzoni mwa mwaka 1872. Alikuwa amesikia kwamba Mzee Bates anakula mlo mmoja tu kwa siku, na kwamba amefunga siku mbili mfululizo. Ellen White hakumsifu. Alimweleza wazi kwamba kwa hali yake jambo hilo ni kosa, kwamba Mungu hakumtaka afanye hivyo, na kwamba mwili wake unahitaji chakula chenye kujenga nguvu. Alimsihi ale vizuri mara mbili kwa siku, asije akadhoofika mwili na akili. Mkono uleule uliojua kuachia, ambao kwa miaka 50 ulikuwa umemwokoa, sasa ulikuwa unaachia hata kilicho chema. Kijana aweza kufunga siku mbili akaamka na nguvu. Mzee hawezi, na kiasi kwa mtu wa miaka 79 mara nyingine maana yake ni kuongeza sahani, si kuipunguza. Wapo wazee wengi makanisani wanaohitaji kuambiwa hivyo na mtu wanayemheshimu.

Bates alikuwa mgonjwa tayari. Alipelekwa katika Taasisi ya Afya ya Battle Creek, ambayo kanisa lilikuwa limeifungua mwaka 1866, na huko alifariki tarehe 19 Machi 1872. Miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuwa sababu ya kifo chake ni kisukari. Wakati ule hakukuwa na dawa ya ugonjwa huo. Insulini ilitolewa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1922, miaka 50 baadaye. Hivyo mtu aliyeacha pombe, tumbaku, chai, kahawa, nyama na mafuta alikufa kwa maradhi ambayo leo baadhi ya ndugu huwanyoshea wagonjwa kidole, kana kwamba kila anayeugua amekula vibaya. Waliomzika hawakumnyoshea kidole. Walijua kwamba tabia zake hazikuwa mapatano na kifo. Zilimpa miaka ya utumishi ambayo mabaharia wenzake wengi hawakuiona, na ndani ya miaka hiyo kanisa lilizaliwa.

Mwili wake ulirudishwa Monterey, ukalazwa katika makaburi ya Poplar Hill, kando ya Prudence.