HAYATI WILLIAM GRUBER NA FILAMU YAKE

Bila shaka baadhi yenu mmewahi kuchungulia ndani ya kile kidude kiitwacho View-Master. Unatia kisahani cha karatasi, unakielekeza kwenye mwanga, na lo! mlima unasimama mbele yako kama mlima kweli. Je, mwamjua aliyekibuni?

William Gruber alizaliwa nchini Ujerumani mnamo mwaka wa 1903. Katika miaka ya 1920 alihamia Marekani, akawa fundi wa piano mjini Portland, jimbo la Oregon. Picha zilikuwa mapenzi yake tu.

Siri yenyewe ilikuwa ya zamani. Charles Wheatstone, Mwingereza, alikuwa ameieleza mwaka wa 1838. Hebu shika kalamu mbele ya uso, ufumbe jicho hili kisha lile. Kalamu yahama, sivyo? Basi kila jicho likipewa picha yake, ubongo huziunganisha na kitu kikaonekana na kina. Gruber alifunga kamera mbili pamoja, akazipiga kwa mara moja.

Sasa filamu gani? Hapo ndipo penye kazi. Filamu ya negativu lazima picha yake isafishwe tena kwenye karatasi. Ya slaidi ni yenyewe picha, mwanga wapita ndani yake na rangi zinang'aa. Gruber alichagua Kodachrome, iliyotoka mwaka wa 1935, kazi ya wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky (muziki tena, mnaona!). Chembe zake zilikuwa ndogo sana. Hili si jambo dogo, kwani picha ya kisahani ni kama ukucha na lenzi huikuza. Chembe zikiwa kubwa, za kulia hazilingani na za kushoto, na mtazamaji huona kama vumbi linaelea hewani.

Lakini filamu hiyo ilikuwa nzito kupokea mwanga. Bila jua kali, kamera ilibidi itulizwe kwenye miguu mitatu na kitu kisitikisike. Nadhani ndiyo sababu Gruber alifaulu sana na uyoga!

Mwaka wa 1938, penye mapango ya Oregon, alikutana na Harold Graves wa kampuni ya Sawyer's, na mwaka uliofuata View-Master ikatoka. Kila kisahani kilibeba picha 14, yaani jozi saba. Baadaye yeye na Daktari David Bassett walipiga zaidi ya jozi 1,500 za mwili wa binadamu kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari.

Gruber alifariki mwaka wa 1965. Katika miaka ya 1970 wenye kampuni walibadilisha filamu, na visahani vingi vya wakati huo vimegeuka vyekundu vitupu. Kodachrome nayo ilikoma kutengenezwa mwaka wa 2009, hivyo anayeanza leo itambidi atafute slaidi nyingine yenye chembe ndogo, mfano Ektachrome iliyorudi mwaka wa 2018. Ila vile visahani vya enzi ya Gruber, ukivichungulia, mbingu ingali buluu.