Stanley na Mlima Asiouona

Mgeni afikaye Nyakalengija, katika bonde la mto Mubuku, wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, aweza kukaa siku kadhaa asiuone mlima alioufuata. Hapo ndipo inapoanzia njia ya kupanda Rwenzori. Hapo ndipo wapagazi na viongozi wa Kibakonzo hugawana mizigo ya safari. Lakini vilele vyenyewe hujifunika mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto wa shule wa kijiji hicho hana wasiwasi: anajua mlima upo, uonekane usionekane. Mgeni asiye na subira huweza kurudi kwao akiapa kwamba hakuna kitu.

Yuko mgeni mmoja mashuhuri aliyepatwa na jambo hilo, naye ni Henry Morton Stanley. Maisha yake yamekwisha kusimuliwa mara nyingi kwa ajili ya safari zake. Leo tuyatazame kwa jicho la mwalimu, kwa kuwa Stanley mwenyewe alipata kufundisha, alikosea mbele ya dunia nzima, na namna alivyoyatendea makosa yake ina la kuigwa na la kuepukwa.

Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuwa wameoana, na mama yake hakumlea. Alipokuwa na umri wa miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa huko hadi mwaka 1856. Alipotoka alipelekwa shule ya Brynford, alikokuwa akifundisha binamu yake, awe mwanafunzi na huku akiwafundisha walio wadogo. Kazi hiyo haikudumu. Akazunguka kwa jamaa zake, kisha akapanda meli kama mtumishi, na mwaka 1859 akafika New Orleans, Marekani. Huko ndiko alikojitwalia jina la Stanley.

Baadaye alisimulia kwamba alitoroka nyumba ya maskini baada ya kumpiga mwalimu wake aliyekuwa mkali mno. Tena kwamba mfanyabiashara tajiri wa New Orleans alimfanya mwanawe na kumpa jina. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za miji hiyo wameyatilia shaka kubwa masimulizi yote mawili. Si ajabu mtoto aliyekulia mahali pa fimbo na dharau akajifunza mapema kuificha aibu yake kwa hadithi nzuri. Wala haikosi maana kwetu: darasa linalomcheka anayekosea huzaa watu wa namna hiyo.

Mwaka 1871 alimkuta Dakta Livingstone huko Ujiji, na sifa zake zikaenea. Mwaka 1874 aliondoka tena pwani yetu, akalizunguka ziwa Victoria na kufika kwa Kabaka Mutesa. Katika safari hiyo hiyo, mwaka 1875, aliwaua wenyeji wa kisiwa cha Bumbire kwa bunduki, tendo lililolaumiwa hata kwao Uingereza. Kabaka alimpa jeshi chini ya mkuu Sambuzi limsindikize kwenda magharibi. Mwezi Januari 1876 wakafika juu ya majabali yaliyolielekea ziwa. Stanley akadhani amefika kwenye mkono wa ziwa Albert, akauita ghuba ya Beatrice. Wenyeji hawakuwataka, na Waganda wakaogopa. Msafara ukarudi nyuma.

Hapo palikuwa na makosa mawili. Maji yale hayakuwa ya ziwa Albert. Yalikuwa ya ziwa ambalo leo twaliita George, chini ya mji wa Kasese. Tena Rwenzori, wenye vilele vinavyozidi mita 5,000, ulikuwa mbele yake, naye hakuiona theluji yake. Ramani hufanana na ubao wa shule: mstari mmoja ukichorwa vibaya hunakiliwa na wengi. Haukupita muda, Gessi mwaka 1876 na Mason mwaka 1877 walilizunguka ziwa Albert, ikadhihirika kwamba halifiki huko kusini.

Stanley alirudi katika nchi hizo kwa njia ya Kongo, akiongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Mwezi Desemba 1887 alifika ziwa Albert. Mlima ukafichika tena. Mwezi Aprili 1888 wasaidizi wake wawili, Jephson na daktari Parke, walisema wameona theluji. Tarehe 24 Mei, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, kijana mmoja wa msafara alimwonyesha mlima akisema kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama mpaka akatambua kwamba chumvi ile ilikuwa theluji. Emin, aliyekaa miaka kando ya ziwa hilo, naye hakuwahi kuiona.

Mwaka uliofuata msafara ulipita bonde la Semliki, ukauzunguka mlima kwa upande wa kusini, katika nchi za Bwera na Katwe penye ziwa la chumvi. Hapo Stanley akathibitisha kwa miguu yake kwamba ghuba aliyoiona mwaka 1876 inaungana na ziwa jingine, ambalo leo ni ziwa Edward. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 aliusahihisha mchoro, akaeleza jinsi ukungu unavyouficha mlima, tena akaandika kwamba aliyemwonyesha ni kijana. Jina la Ruwenzori alilolieneza lilitokana na masikio ya mgeni. Wabakonzo walikuwa wakiijua theluji ile, wakiita nzururu, kabla hajazaliwa.

Hili ndilo la kuigwa. La kuepukwa ni jambo la kikosi cha nyuma. Mwaka 1887 Stanley aliacha watu na mizigo Yambuya, kando ya mto Aruwimi. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi, na mkubwa wao, Meja Barttelot, akauawa. Stanley alipolaumiwa aliwatupia lawama maofisa wale, hata waliokwisha kufa ambao hawakuweza kujibu, na Tippu Tip pia. Sehemu yake mwenyewe, yaani kuwaacha pale bila chakula cha kutosha wala wapagazi, hakuikiri waziwazi. Ugomvi huo ulimfuata hadi kifo chake, London, tarehe 10 Mei 1904. Miaka miwili baadaye Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipanda kwa bonde la Mubuku, akafika kilele cha Margherita, na safu yenye kilele hicho akaiita kwa jina la Stanley.

Basi, mwalimu ajifunze nini? Kosa la mstari wa ziwa lilisahihishwa na likasahauliwa. Kosa la Yambuya lilikanwa na likakumbukwa. Mwalimu anapokosea hesabu ubaoni, na mtoto akanyosha mkono, asimwambie akae kimya. Asimame, aitazame hesabu upya, na akiona mtoto ana haki, aseme hivyo mbele ya wote, amshukuru, afute, kisha aifanye tena polepole akionyesha alipopotea. Mahali pa kupotea ndipo penye somo. Akiwa hana hakika, aahidi kutazama, na kesho yake alete jibu bila kukumbushwa.

Tena asisahau madaftari. Kosa la ubaoni limekwisha kwenda nyumbani katika madaftari arobaini, na waliokuwa wagonjwa siku ya kusahihishwa hawatajua. Yampasa awaambie wote waandike upya. Ikiwa amekosea kutoa alama za mtihani, azitazame zote, si za yule aliyelalamika peke yake. Wala asikisingizie kitabu au kelele za darasa, na asigeuze kosa dogo kuwa hotuba ndefu ya kujilaumu. Maneno machache na kazi iliyosahihishwa vyatosha.

Wako wanaohofu kwamba mwalimu akikiri, heshima yake itapungua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Watoto huliona kosa upesi kuliko tudhanivyo. Wakinyamaza, mara nyingi si kwa heshima bali kwa woga, na mtoto anayeogopa kusema aonalo hawezi kumwonyesha mwalimu wake mlima. Kule Nyakalengija mawingu yakiondoka, mlima huonekana palepale ulipokuwa, na aliyeukana hubaki na maneno yake.