Trewavas: Mwanamama aliyepanga ukoo wa perege

MFUGAJI wa samaki wa Korogwe au Muheza anaponunua vifaranga vya perege, kwanza huuliza bei, kisha ukubwa. Ni wachache wanaouliza hao ni perege wa ukoo gani.

Swali hilo ndilo alilolifanyia kazi Ethelwynn Trewavas kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake bado yanamgusa kila mwenye bwawa katika bonde la Mto Pangani.

Trewavas alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Penzance, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Reading, akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1928 akaajiriwa katika makumbusho ya viumbe jijini London.

Alistaafu mwaka 1961, lakini hakuacha kazi. Kitabu chake kikubwa kuhusu perege kilitoka mwaka 1983, akiwa na zaidi ya miaka 80.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwachunguza samaki waliohifadhiwa kwenye chupa za spiriti, wengi wao kutoka Afrika. Hata hivyo, hakuishia mezani. Mwaka 1939 alifika Ziwa Nyasa kushiriki uchunguzi wa samaki na uvuvi.

Tatizo la perege ni kwamba wanafanana mno. Trewavas alihesabu magamba, miiba ya mapezi na meno, lakini pia alizingatia namna samaki wanavyolea watoto. Wako wanaotaga chini na kulinda mayai, na wako ambao jike huatamia mayai mdomoni.

Kundi hili la pili, alimo sato, alilipa jina la kitaalamu la Oreochromis. Jina hilo lilitolewa kwanza mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hivyo sato anayefugwa China au Misri leo anaitwa kwa jina lililoanzia kwetu.

Mwaka 1966 Trewavas alimtambua perege wa Mto Wami kuwa ni aina ya peke yake. Samaki wa aina hiyo walikuwa wamepelekwa Malaya kutoka Zanzibar, na huko mtaalamu C. F. Hickling aliwapandisha na perege wa Msumbiji. Watoto waliopatikana walikuwa karibu wote madume.

Mfugaji anajua faida ya jambo hilo. Bwawa lenye madume na majike hujaa vifaranga, chakula hugawanyika, na samaki hudumaa.

Katika Pangani, Trewavas aliipitia upya kazi ya mtaalamu mwenzake, Rosemary Lowe. Mwaka 1955 Lowe alikuwa ameeleza perege wapya wa Ziwa Jipe na Mto Pangani, akiwamo aliyepewa jina la mji wa Korogwe.

Maji hayo yameungana. Mto Ruvu hutoka Jipe na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kisha Pangani huteremka kupitia Korogwe hadi baharini. Samaki akiachiwa juu, anaweza kufika chini.

Na kweli wageni waliachiwa. Sato na perege wa madoa ya buluu waliletwa ili kukuza uvuvi na ufugaji.

Trewavas alifariki mwaka 1993, kabla vipimo vya vinasaba havijaenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia vipimo hivyo, ukakuta machotara katika bonde la Pangani: sato na perege wa Jipe, sato na perege wa Korogwe, hata wenyeji wawili kati yao.

Habari njema ni kwamba machotara walikuwa wachache kuliko samaki halisi. Habari mbaya ni kwamba umbo la mwili na kichwa pekee halikutosha kuwatambua. Perege wa Jipe yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Hasara yake si ya wataalamu peke yao. Perege wa Wami alionyesha kwamba samaki wa mto mmoja anaweza kuleta faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Mbegu ikishachanganyika mtoni, hakuna wa kuichambua tena kama mchele na chuya.

Kwa hiyo mfugaji aulize vifaranga vimetoka wapi, aweke wavu imara kwenye njia ya kutolea maji, ajenge bwawa mbali na mkondo wa mafuriko, wala asimwage vifaranga vilivyobaki mtoni. Gharama ya wavu ni ndogo kuliko kupoteza ukoo mzima wa samaki.