Maisha ya Sheikh al-Maqrizi, Mwandishi wa Mji wa Kairo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu wengi wayajua majina ya maimamu wa fikihi na wapokezi wa hadithi, lakini ni wachache wamjuao mwanachuoni huyu aliyeutumikia mji wake kwa kalamu. Yeye amekufa yapata miaka mia sita sasa, na masoko aliyoyaandika yalikwisha kuvunjika, illa msomaji wa kitabu chake hupita katika vichochoro vyake kama apitaye mchana. Basi tumependa kueleza khabari zake kwa ufupi, mema yake na yale aliyolaumiwa, kwani katika yote mawili mna mafunzo kwetu.

Jina lake ni Taqiyuddin Ahmad bin Ali bin Abdulqadir al-Maqrizi. Nisba hii ni ya mtaa mmoja wa Baalbek katika nchi ya Sham, walikotoka wazee wake. Yeye alizaliwa Kairo karibu na mwaka 766 wa Hijra (1364), katika mtaa wa Barjawan, ndani ya kuta za mji wa kale. Babu yake mzaa mama, Ibn as-Saigh, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi, naye ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alipokuwa kijana, baada ya kufiwa na baba yake, aliihama madhehebu hiyo akafuata ya Imamu Shafii, akadumu nayo mpaka mauti yake. Alisoma kwa masheikh wengi, na katika waliomwathiri sana ni Ibn Khaldun, aliyefika Kairo mwaka 784 (1383). Kwake alijifunza kutotosheka na kujua jambo lililotokea, bali kutafuta na sababu iliyolileta.

Alishika kazi nyingi. Alikuwa mwandishi katika diwani ya sultani, naibu wa kadhi, khatibu katika msikiti wa Amr, na imamu katika msikiti wa al-Hakim. Mwaka 801 (1399) Sultani Barquq alimfanya muhtasibu wa Kairo. Kazi ya muhtasibu ni kuangalia mizani na vipimo, mikate ya waokaji na nyama ya wachinjaji, na kuzuia ghushi sokoni. Cheo hiki hakikukaa naye sana. Alitolewa, akawekwa al-Ayni, kisha kikawa chaenda na kurudi kwa kadiri ya upendeleo wa wakubwa. Lakini siku hizo chache zilimpa elimu isiyopatikana darasani. Alizijua bei, akawajua wauzaji, akajua duka lipi ni la nani na lilikuwa la nani kabla yake.

Kisha ikaja balaa. Mwaka 806 (1403) mto wa Nili haukupanda kadiri yake. Nafaka ikaadimika, bei zikapanda, njaa ikafuatwa na maradhi, na watu wengi wakafa. Mwaka 808 (1405) al-Maqrizi aliandika risala juu ya njaa zilizopata kuishika Misri. Hakukubali kuwa kupungua kwa maji peke yake ndiko kulikoleta maangamizi hayo. Alitaja mambo matatu: vyeo vya serikali na vya dini kununuliwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa hata mkulima akashindwa, na pesa za shaba kutapakaa mahali pa dhahabu na fedha. Ukweli huu aliuandika katika zama ambazo wanunuzi wa vyeo walikuwa wangali wamekalia vyeo vyao.

Baadaye alikaa Damascus miaka kadhaa, akisomesha na kusimamia wakfu, na katika hizo ni wakfu wa hospitali ya Nuruddin. Alitakiwa awe kadhi huko, akakataa. Aliporudi Kairo aliacha kutafuta vyeo, akajifungia nyumbani kwake mtaa wa Barjawan, akashika kalamu.

Katika vitabu vyake vingi, kilicho mashuhuri kabisa ni kile cha mitaa na majengo ya Misri, alichokiita kwa jina lenye maana ya mawaidha na mazingatio. Mtindo wake si kuhadithia sultani baada ya sultani. Alikwenda mahali kwa mahali: mtaa, soko, msikiti, madrasa, hamamu, daraja, mlango wa mji. Kila pahali alieleza nani alijenga, mwaka gani, kwa mali gani, wakfu wake ulikuwa nini, na mwisho wake umekuwaje. Alianza na mji ulivyowekwa misingi na Jawhar mwaka 358 (969), akafika mpaka zama zake.

Juu ya njia kuu ya Kairo alisikia kwa wazee kwamba ilipata kuwa na maduka elfu kumi na mbili. Aliandika soko la wauza mishumaa, ambalo maduka yake yalikuwa wazi mpaka usiku wa manane, na Ramadhani watu wakikodi mishumaa mikubwa mno kwa ajili ya kwenda kusali tarawehe. Naye alipoandika, yalikuwa yamebaki maduka machache tu. Akaandika na soko la kuku, ambamo watoto waliuziwa shomoro mmoja kwa pesa moja ya shaba wapate kumwachia, kwani waliambiwa kuwa amwachiaye huru ndege huyo ataingia Peponi. Na soko la mtaa wake mwenyewe, alilolikuta utotoni limejaa kila anachohitaji mtu, aliliona kwa macho yake likigeuka ukiwa baada ya ile njaa. Tazama basi, ndugu msomaji: mfalme aliyejenga kasri alitajwa, na mtoto aliyenunua shomoro akatajwa.

Sasa twafika kwenye lile aliloteta nalo as-Sakhawi, mwanafunzi wa Ibn Hajar. Yeye alisema kuwa al-Maqrizi alikuwa na jirani na rafiki, jina lake al-Awhadi, aliyekufa mwaka 811 (1408) hali ameacha rasimu ya kitabu juu ya mitaa ya Kairo. Kwamba al-Maqrizi aliipata, akaiongeza, akajinasibishia mwenyewe. Watu walibishana juu ya neno hili muda mrefu, wengine wakilihesabu ni husuda. Lakini katika karne hii yetu zimetambulika kurasa za mkono wa al-Awhadi zikiwa ndani ya rasimu ya al-Maqrizi mwenyewe, na zaonyesha kwamba alichukua kwake mengi. Kweli, katika kitabu chake cha wasifu wa watu wa zama zake alimtaja rafiki yake, akakiri kuwa alinufaika naye. Lakini ndani ya kitabu chenyewe cha mitaa hakumpa haki yake. Sisi hatumwondolei al-Maqrizi fadhila zake, kwani aliyoyaongeza kwa jicho lake na kwa kusoma kwake ni makubwa. Wala hatumfichi al-Awhadi kaburini mara ya pili. Elimu ni amana, na katika amana hiyo ni kumtaja uliyeipokea kwake.

Mwaka 834 (1431) alikwenda Makka, akakaa miaka kadhaa karibu na Nyumba Tukufu, akisoma na kusomesha. Huko aliwauliza mahujaji khabari za nchi zao, akatunga risala juu ya wafalme wa Kiislamu wa Habashi na watu wa Zaila, bandari iliyo upande huu wetu wa bahari, kaskazini. Mwenye tabia ya kuuliza haachi kuuliza hata ugenini. Kisha alirudi Kairo, akafa katika mwezi wa Ramadhani mwaka 845 (1442), akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab an-Nasr. Kitabu chake kilipigwa chapa Bulaq mwaka 1270 (1853), nacho chasomwa mpaka leo.

Enyi ndugu zetu wa pwani, sisi nasi tuna miji. Kuta za Kilwa na za Gedi zimesimama bila paa, na msikiti uliovunjika huonekana, lakini jina la aliyeuweka wakfu halionekani. Wazee wajuao asili ya mitaa, visima na makaburi wanakwenda mmoja mmoja. Basi mwenye kujua kusoma na kuandika akae na mzee wake, aandike, na juu ya ukurasa atie jina la yule mzee kabla ya jina lake mwenyewe. Hivyo atakuwa amefuata mema ya al-Maqrizi na kuepukana na kosa lake.

Mwenyezi Mungu amrehemu al-Maqrizi, amrehemu na al-Awhadi, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.