Tom Mboya, bwana afya tuliyemsahau

Wanafunzi wengi wakiulizwa Tom Mboya alikuwa nani, watajibu bila kusita kwamba alikuwa kiongozi wa wafanyakazi na waziri aliyeuawa jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Jibu hilo ni sahihi, lakini lina pengo. Kabla ya hayo yote Mboya alikuwa bwana afya, na naamini kwamba sehemu hiyo ya maisha yake ina funzo kubwa kwa watu wa Homa Bay, alikozikwa, na wa Migori, jirani zao.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara. Asili ya wazazi wake ni kisiwa cha Rusinga. Alisoma Kabaa, kisha Yala na hatimaye Mang'u. Karo ilipokuwa haba, aliingia Jeanes School, Kabete, mwaka 1948, akasomea ukaguzi wa afya.

Mwaka 1951 alikuwa akifanya kazi katika Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mkaguzi Mzungu. Alisimulia baadaye jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Dharau za namna hiyo zilimsukuma katika harakati za vyama vya wafanyakazi. Alikwenda kusoma Oxford mwaka 1955, akachaguliwa mbunge wa Nairobi mwaka 1957, akawa miongoni mwa walioandaa safari za wanafunzi kwenda Marekani mwaka 1959, kisha akawa waziri. Alipouawa alikuwa na umri wa miaka 38.

Mimi humkumbuka mama yule kila nisikiapo habari za homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa akifikishwa hospitalini, macho yetu sote humwelekea yeye. Wale aliolala nao chumba kimoja huketi nje wakisubiri, kama kwamba hawapo. Kumbe bakteria wanaosababisha aina moja hatari ya ugonjwa huu, waliotambuliwa na Anton Weichselbaum kule Vienna mwaka 1887, makao yao ya kawaida ni pua na koo za watu wazima wa afya. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 10, mmoja huwa nao bila kuugua. Hupita kutoka mtu hadi mtu kwa mate na kwa matone ya kikohozi na chafya, hasa pale watu wanapolala wakiwa wamebanana na kukaa pamoja kwa muda mrefu. Ndiyo maana hatari ya kuugua kwa watu wa nyumba ya mgonjwa huzidi ile ya watu wengine kwa mamia ya mara, hasa katika siku chache za mwanzo.

Hapa lugha yenyewe imetuponza kidogo. Jina uti wa mgongo hutupeleka mgongoni, ilhali njia ya maradhi ni kooni. Msikiaji hudhani ni ugonjwa wa mifupa, wala hajiulizi ni nani aliyelala kando ya mgonjwa. Pengo hilo likijazwa na uvumi, jirani huanza kutafuta mchawi, au humtenga mama wa mgonjwa kana kwamba ametenda kosa. La hasha! Mwenye kubeba bakteria hana hatia. Hajui kwamba anao, na pengine aliupata mzigo huo kwa mgonjwa mwenyewe.

Dawa ipo. Daktari akithibitisha aina ya ugonjwa, waliokaa karibu na mgonjwa huweza kupewa antibiotiki ya kuwaondoa bakteria hao kooni kabla hawajaleta madhara. Lakini hawezi kuwapa watu asiowajua. Ni lazima atajiwe waliolala naye, wakiwamo mgeni wa juzi na mtoto aliyekwisha rudi katika shule ya bweni.

Walimu wa Mbita, Rongo na kwingineko, hapa ndipo mnapohitajika. Mwanafunzi anayetoka katika nyumba yenye mgonjwa asifukuzwe wala asinong'onwe. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akipata homa kali, kichwa kikamuuma na shingo ikakakamaa, asingojee kupambazuke.

Kazi ya bwana afya ni kuingia nyumbani na kuhesabu waliomo. Mboya alijua uchungu wa kutohesabiwa. Tukitaka kumuenzi kwa vitendo, tuanze kwa kuwahesabu watu wa nyumba ya mgonjwa.